Mapigo Mia Moja na Kumi na Sita

Fundi saa ana maradhi yake: haamini mdomo wa mtu, anaamini mshale. Huyu wetu alikuwa na miaka kumi na saba kazini, kwenye kijumba cha vioo juu ya ngazi za jengo la maduka, ghorofa ya tatu, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kumpitishia uongo. Ndiyo maana siku ile, ndani ya chumba cha kliniki ya wajawazito, nesi alipotamka neno "kawaida", fundi alisogeza kiti mbele.

"Kawaida vipi?" akauliza.

Nesi alikuwa mama mnene, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Akina mama walimwita Mama Kadi, kwa jinsi alivyowasema waliokuja bila kadi zao. Alikuwa bado ameushika mkono wa mke wa fundi, mshonaji wa sare za shule, mwenye mimba ya miezi sita, ya kwanza, waliyoingoja miaka minne.

"Moyo kwenda mbio kidogo, baba. Na kile kisauti nilichosikia kifuani, kama upepo unaopita tundu la ufunguo. Damu imeongezeka. Huyu sasa ana damu karibu mara moja na nusu ya ile uliyomwoa nayo. Moyo ni ule ule mmoja, haukuletewa msaidizi. Utafanyaje? Unasukuma damu nyingi zaidi, tena unapiga haraka zaidi. Wewe ukiwa umeweka chakula cha wawili jikoni, wakabisha hodi wageni, si unaongeza moto?"

Mshonaji akacheka. Mumewe hakucheka.

"Ni mapigo mangapi?"

"Themanini na nane kwa dakika. Kabla ya mimba alikuwa sabini na kitu. Yakizidi kumi, kumi na tano, hata ishirini, mimi sishtuki. Nikwambieni ninachokiogopa: akikosa pumzi naye amekaa tu. Akishindwa kulala mpaka aegemee mito. Akizimia. Kifua kikimbana. Au moyo ukikimbia ukakataa kutulia hata baada ya kupumzika. Hapo msingoje tarehe, njooni hata usiku. Baada ya wiki mbili daktari atakisikiliza hicho kisauti."

"Kama ni kawaida, daktari wa nini?"

"Mimi nina masikio mawili, baba, naye ana mawili. Manne yanashinda."

Akaandika kitu kwenye kadi, mwandiko wa kukimbizana. Kisha akamwinamia nesi kijana aliyekuwa mezani, wakanong'onezana, na wote wawili wakamtazama mshonaji. Walikuwa wanaulizana ufunguo wa kabati, ambalo mshonaji alikuwa amekaa mbele yake. Lakini nani wa kumwambia fundi? Yeye aliona watu wawili waliovaa nyeupe wanamnong'ona mkewe. Na hilo neno, kawaida, alikuwa analifahamu. Dada yake aliambiwa hivyo hivyo, kwenye benchi jingine, mwaka ule aliozikwa na mwanawe tumboni.

Akatoka pale, kadi ameibana kwapani mwenyewe.

Kila siku saa sita mchana mkewe alimletea chakula dukani. Ilikuwa desturi yao tangu waoane: anafunga cherehani, anabeba kikapu, anapanda ngazi sitini na mbili, anaketi upande wa pili wa kioo na wanakula pamoja. Kesho yake baada ya kliniki, kabla hajafungua kikapu, fundi akamwambia:

"Lete mkono."

"Unipe pete?"

"Lete mkono, bwana."

Akaweka vidole juu ya mshipa, jicho kwenye saa yake ya kupimia, ile aliyoiamini kuliko ndugu zake. Mshale ukakamilisha mzunguko. Akahesabu tena. Kisha akafungua daftari lake, lile la kuandikia saa za wateja zinazokimbia na zinazochelewa, akaandika: mia moja na kumi na mbili.

Siku ya pili, mia moja na kumi na sita. Siku ya tatu, mia moja na kumi na sita tena.

"Kwa hiyo nami nimeingia kwenye daftari la vibovu," mkewe akasema huku akipakua. "Nitakuwa tayari lini? Mteja wangu arudi Ijumaa?"

"Nesi alisema themanini na nane."

"Si alinipima?"

"Mimi sijapima? Kati ya themanini na nane na mia moja na kumi na sita kuna mapigo ishirini na nane. Yamekwenda wapi?"

"Labda ameyapeleka nyumbani kwake. Kula, chakula kinapoa."

Fundi alikula bila kuonja. Alikuwa anafikiri vile anavyofikiri fundi. Saa ikikimbia dakika tano kwa siku huambiwi ni kawaida. Saa inayokimbia ni saa mgonjwa, na fundi anayekwambia iache ni fundi asiyeijua, au anaijua na hataki lawama. Basi Jumatatu asubuhi akafunga duka, akaenda kliniki peke yake, akasimama mlangoni kama mtu anayemsubiri mwenzake. Haja yake ilikuwa saa ya ukutani, ile aliyopimia nesi. Kama ilikimbia, neno limekwisha. Akailinganisha na yake kwa dakika kumi nzima. Zilikwenda sawasawa, hata sekunde moja haikupotea.

Mtu mwingine angefurahi. Si yeye. Saa ni nzima, akajiambia, basi nesi hakukosea. Nesi anaficha.

Jamani, shaka nayo! Ukishaikaribisha, hata ushahidi wa kuifukuza inautandika chini na kuukalia.

Mama yake fundi aliishi nao, chumba cha uani. Alikuwa na presha ya miaka mingi, na kila asubuhi alimeza kidonge kimoja cheupe. Jioni ile fundi akaketi mlangoni kwake, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara, akauliza habari za miguu yake, za usingizi wake, na mwisho, kama aliyekumbuka njiani:

"Na hivi vidonge, mama, vinafanya nini hasa?"

"Vinautuliza moyo, mwanangu. Zamani ulikuwa unakimbia kama unafukuzwa na mbwa. Siku hizi unatembea."

"Havikudhuru?"

"Mimi si huyu hapa?"

Hakuhitaji zaidi. Kesho yake, mama alipokuwa anaoga, akachukua viwili. Akakikata kimoja kwa kisu chake cha kazini, nusu sawasawa kama anavyojua yeye, akaisaga nusu hiyo na kuitia kwenye maziwa ya mkewe. Tangu mimba iingie, maziwa ya asubuhi alimchemshia yeye mwenyewe. Na tusimwonee: alikuwa anampenda mkewe, na maziwa yale aliyakoroga kwa uangalifu wa mikono ambayo hushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Hakumwambia kwa sababu angekataa. Angesema nesi amesema. Fundi akajiambia kwamba saa huigeuzi kwa pupa. Unagusa kidogo, unangoja, unapima.

Akagusa, akangoja, akapima. Mchana ule, mia moja na nne. Kesho yake, tisini na nane.

"Unatabasamu nini?" mkewe akauliza.

"Umependeza."

"Nimependeza, wakati nimepanda ngazi zako nimesimama mara tatu! Miguu mizito leo, sijui nini."

"Mimba hiyo," fundi akasema. Yeye aliyekataa neno la nesi, sasa alilitumia la kwake bila aibu.

Siku ya tatu akaiba vingine, akaweka kidonge kizima. Siku ya nne kizima. Daftarini ikaingia themanini na nne, na kando yake akachora alama ya vema. Nyumbani mshonaji alikuwa anashona kola za sare mia mbili, na sindano ikawa inamsubiri. Alikaa akitazama kitambaa. Mikono ilikuwa baridi. Akiinuka, ukuta ulimsogelea.

"Nasikia kama niko mbali," alimwambia mumewe. "Unanisemesha, nawe nakuona, lakini niko mbali."

"Pumzika. Moyo umeanza kutulia."

"Nani amesema umeanza kutulia?"

"Si napima?"

Akamtazama, akayaacha.

Jumapili asubuhi mama mkwe alitoka uani na kipakiti mkononi, akasimama katikati ya sebule.

"Katika nyumba hii tuko watatu," akasema. "Vidonge vyangu vimepungua vinane. Nimehesabu jana, nimehesabu leo, nimehesabu na miwani na bila miwani. Mimi sijiibii. Mwanangu hajui hata vinakaa wapi."

Mshonaji aliacha kushona. "Mama, unanitaja mimi?"

"Sijamtaja mtu. Nimesema tuko watatu."

"Nivifanyie nini vidonge vya presha?"

"Ndicho ninachojiuliza. Wengine huuza. Wengine wana yao matumboni wasiyoyataka."

Hapo fundi alikuwa mlangoni, mswaki mdomoni. Alisikia neno lile. Alimwona mkewe akiinuka taratibu, mkono mmoja ukutani, akichukua mkoba wake wa kazi, na kuumwaga wote sakafuni mbele ya mama mkwe: chaki, utepe wa kupimia, vifungo, nyuzi, mkasi, na soksi ndogo za mtoto alizokuwa amezificha mpaka zikamilike pea.

"Tafuta, mama," akasema. "Na chumbani ukatafute."

Mama mkwe alitazama zile soksi, akageuza uso. Mshonaji akamwangalia mumewe, akangoja.

"Labda umekosea kuhesabu, mama," fundi akasema.

Ni hilo tu alilolisema. Vile vidonge vilivyobaki vilikuwa kwenye kikebe cha skrubu, mfukoni mwake, na aliposogea vikagonga bati. Mkewe akapiga magoti akaanza kuokota vifungo kimoja kimoja, machozi yanamdondoka, na yeye akarudi ndani kusukutua. Kuanzia siku ile mama akavifunga vidonge kwenye pindo la nguo yake, akalala navyo.

Tarehe ya daktari ilikuwa Jumanne. Asubuhi maziwa yalikuwa yametiwa kidonge kizima cha mwisho. Kwenye mlango wa kliniki mshonaji aliyumba, akamshika mama mmoja asiyemjua, wakaketishwa wote wawili. Mama Kadi akaja mwenyewe. Akashika mkono, akatazama saa ya ukutani, akahesabu. Akahesabu mara ya pili. Akamfunga kitambaa cha kupimia presha, akasoma, akamwambia nesi kijana, safari hii kwa sauti ya kusikika na wote: "Mwite daktari. Sasa hivi."

"Kuna nini?" mshonaji akauliza.

"Wiki mbili zilizopita ulikuwa themanini na nane, mwanangu. Leo hamsini na mbili, na presha iko chini."

"Umetulia basi!" fundi akasema. Furaha ilimponyoka kabla hajaizuia. "Si ndiyo vizuri?"

Mama Kadi akainua kichwa polepole.

"Umetulia baada ya nini, baba?"

Fundi akatia mkono mfukoni, akakishika kikebe.

"Moyo wa mwenye mimba haurudi nyuma hivi wenyewe. Mama, asubuhi umekula nini?"

"Maziwa tu. Mume wangu ndiye anayenichemshia." Akaanza sentensi nyingine, akaiacha. Akamgeukia mumewe, na fundi akaona kwa macho yake jinsi jambo linavyomwingia mkewe, kidogo kidogo, kuanzia midomoni.

Fundi akakitoa kikebe, akakiweka mezani. Ndani, katikati ya skrubu, kulikuwa na nusu mbili nyeupe za kidonge alichokikata akiba.

"Ni vya mama," akasema. "Moyo wake ulikuwa unakimbia. Mlinificha. Mimi nilipima mia moja na kumi na sita, nyinyi mkaandika themanini na nane."

Mshonaji hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, tena kama anamweleza mtu mwingine: "Nilimwaga mkoba wangu sakafuni."

"Dawa gani hii?" Mama Kadi akageuzageuza vile vipande. "Hakina jina. Kimbia nyumbani ulete pakiti yake, daktari aione. Kimbia!"

Nyumbani hapakuwa mbali, nyuma ya kiwanja tu, na fundi alikimbia kama hajapata kukimbia tangu aache shule. Mama yake alikuwa anapepeta mchele uani.

"Nipe vidonge, mama."

"Hata wewe?"

"Si yeye, mama. Ni mimi. Ni mimi niliyeviiba, nikampa yeye."

Mama akafungua pindo. Vidole vilimkwama kwenye fundo, na fundi akasimama pale akihema, hana la kumsaidia. "Na nilivyomsema," mama akawa anarudia. "Na nilivyomsema mtoto wa watu, wewe umesimama na mswaki."

Alipoingia tena kliniki jasho linamtiririka, daktari, kijana mpole mwenye sauti ndogo, alikuwa ameshamlaza mshonaji kwa ubavu wa kushoto na anamsikiliza. Mama Kadi aliipokea pakiti, akaipitisha kwa daktari, kisha bila kuomba ruhusa akaukamata mkono wa fundi. Dakika nzima akahesabu, midomo ikicheza.

"Mia moja thelathini na mbili," akasema. "Daktari, huyu naye tumwanzishie dawa?"

"Nimekimbia!" fundi akasema.

"Ahaa! Umekimbia. Sasa niambie, mkeo ulimpimia wapi?"

"Dukani. Saa sita, akileta chakula."

"Duka liko chini?"

Mkewe ndiye aliyejibu, kutoka kitandani, macho kwenye dari: "Ghorofa ya tatu. Ngazi sitini na mbili. Na kikapu. Nikifika tu ananikamata mkono, hata sijakaa."

Nesi kijana akaguna. Mama Kadi hakucheka, na afadhali angecheka.

"Mimi namwacha mtu akae kwanza dakika kumi, baba. Nazungumza naye, namuuliza habari za shoga zake, moyo urudi mahali pake, ndipo nahesabu. Ulichopima wewe ni ngazi. Na dawa hii, daktari huwapa wachache, kwa kipimo, kwa sababu anayoijua. Wewe hukuwa nayo. Ungeniuliza! Ungekuja na daftari lako ukaniwekea hapa mezani, ningekujibu. Nina miaka ishirini na sita najibu maswali ya waume."

"Dada yangu naye aliambiwa ni kawaida," fundi akasema.

Mama Kadi akavuta kiti, akaketi. Sauti ilipomtoka tena ilikuwa imeshuka. "Pole. Pole sana. Basi hapo ndipo ungeanzia."

Walikaa mpaka alasiri. Kila nusu saa mapigo yalipimwa, nayo yakapanda taratibu: hamsini na nane, sitini na tano, sabini na mbili. Daktari alisema kile kisauti cha kifuani ni cha damu inayopita kwa wingi, amekisikia kwa wengi na kwa huyu hakimsumbui. Arudi kesho apimwe tena, na vidonge vile visimwingie tena mdomoni. Akaweka kifaa tumboni, na chumba kizima kikasikia moyo wa mtoto ukienda mbio, tuku-tuku-tuku. Fundi akahesabu bila kutaka, akafika mia moja na arobaini, akageuka kwa hofu.

"Ndivyo anavyotakiwa," Mama Kadi akamwahi. "Huyo mwache na mwendo wake."

Mshonaji alikuwa analia kwa furaha, mkono juu ya tumbo. Fundi alinyoosha wake auweke pale juu. Mkewe akausogeza pembeni, si kwa nguvu, kama anavyosogeza kitambaa cha mteja mwingine.

Mshonaji alipoambiwa aende nyumbani, nesi alimletea maji kwenye kikombe cha bati, akayanywa yote kwa mkupuo mmoja bila kuyatazama. Walitoka. Jua lilikuwa bado kali na mwendo wake ulikuwa wa pole, akimtangulia mumewe hatua mbili. Getini palikuwa na mwanamke anayeuza vinywaji kwenye boksi la barafu. Fundi akanunua chupa ya maji, akamkimbilia, akampa.

Mshonaji aliipokea. Akaigeuza juu chini, akatazama kitako, akatazama shingo ya chupa pande zote. Kisha akaisogeza sikioni na kuzungusha kifuniko polepole sana, akisikiliza kama kitalia mlio wa kifuniko kipya kinachokatika. Kililia. Ndipo akanywa.

Yule muuzaji alikuwa anawaangalia. Fundi alitamani ardhi immeze.

"Nimeinunua sasa hivi, mke wangu," akasema. "Umeniona. Kwa mkono wangu mwenyewe."

"Nimeona," mkewe akasema, akafunga chupa. "Ndiyo maana nimesikiliza."